Kaunti za wafugaji na maandalizi dhidi ya Homa ya Bonde la Ufa

DALILI ya mvua ni mawingu, na kwa wafugaji wa Garissa, Wajir na Tana River, mvua inayopita kiasi huwa nayo ni dalili ya jambo jingine: Homa ya Bonde la Ufa. Haya ni miongoni mwa maradhi machache yanayopiga hodi kabla ya kuingia. Kwa hivyo serikali ya kaunti inayofumaniwa nayo haina udhuru mkubwa.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mapema katika miaka ya 1930, baada ya kondoo kufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Virusi vyake hujificha ndani ya mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, yaliyotagwa katika udongo wa mabonde madogo. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miaka mingi. Mafuriko yakifika, huanguliwa. Mbu huuma mifugo, na mbu wa aina nyingine wakaendeleza kazi hiyo.

Miongoni mwa mifugo, ishara kuu ni mimba kuharibika karibu kundi zima kwa wakati mmoja na vifo vya wana-kondoo. Binadamu huambukizwa hasa kwa kugusa damu, nyama au kijusi cha mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Hakujathibitishwa kisa cha mtu kumwambukiza mwenzake. Wengi hupata homa na maumivu ya mwili kisha wakapona. Wachache hupoteza uwezo wa kuona, hupatwa na uvimbe wa ubongo au hutokwa na damu, na kati ya hao wanaotokwa na damu, hadi nusu huweza kufariki.

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilileta mkurupuko mkubwa ambapo watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika iliyokuwa wilaya ya Garissa pekee. Ule wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini.

Mkurupuko huo wa pili ndio wenye funzo. Wanasayansi waliokuwa wakifuatilia joto la bahari na uoto wa nchi kavu kwa setilaiti walikuwa wametoa tahadhari wiki kadhaa mapema. Hata hivyo, ugonjwa ulithibitishwa Desemba 2006, watu wakiwa tayari wanakufa. Uchinjaji na biashara ya mifugo vikapigwa marufuku katika maeneo yaliyoathiriwa, na haya yote yakatukia wakati wa kuelekea Idd-ul-Azha, msimu ambao mfugaji huutegemea kwa karo na chakula.

Watafiti waliowahoji wafugaji Wasomali baadaye waligundua kwamba wenyeji waliujua ugonjwa huo vyema na kuuita ‘sandik’, yaani damu puani. Walikumbuka pia mfuatano wake: makundi ya mbu yalitokea takriban wiki tatu baada ya mvua kubwa, mifugo ikaanza kuugua baada ya wiki mbili unusu hivi, na watu wakafuata baada ya muda kama huo. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kulikuwa na karibu miezi miwili ya kujitayarisha. Aliyekosekana ni afisa wa kuipokea habari.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, afya ya mashinani, huduma za mifugo na udhibiti wa maradhi ya wanyama ni majukumu ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Maandalizi basi huanzia ofisini mwa gavana, na jambo la kwanza ni kuwaketisha daktari wa watu na daktari wa mifugo katika meza moja. Wakifanya kazi kila mmoja kivyake, taarifa ya mbuzi walioharibu mimba haifiki hospitalini, na muuguzi humpa mgonjwa dawa ya malaria.

Chanjo ya mifugo hutengenezwa humu nchini, lakini ina wakati wake. Ile ya virusi hai huweza kuharibu mimba, na mara mkurupuko unapoanza, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi huweza kuueneza ugonjwa. Chanjo hutolewa kabla ya mafuriko. Hakuna chanjo ya binadamu inayopatikana kwa umma.

Kisha kuna fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuunda hazina ya dharura, ingawa malipo yake kwa mwaka hayapaswi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Kaunti inayosubiri bajeti ya ziada huku mto umeshavunja kingo imechelewa.

Lililo gumu zaidi ni imani ya wafugaji. Mtu anayejua kwamba akipiga ripoti soko litafungwa kesho ana sababu nzuri ya kunyamaza, na kumlaumu ni kutojua hali yake. Mazungumzo kuhusu karantini, muda wake na msaada wakati soko limefungwa yanafaa kufanywa wakati wa kiangazi, pamoja na wazee, machifu, maimamu na wachinjaji, kwa Kisomali, Kiorma au Kiborana, si kwa mabango ya Kiingereza. Hapo ndipo huelezwa pia kwamba mzoga usichunwe, kijusi kisishikwe kwa mikono mitupu, maziwa yachemshwe na nyama iive.

Visa viliripotiwa tena Wajir na Marsabit mwaka 2018, na Isiolo, Mandera na Garissa kufikia mwanzoni mwa 2021. Barabara nyingi za huko hukatika mvua inaponyesha, kwa hivyo glavu, vyandarua na masanduku ya barafu ya kubebea sampuli za damu hadi maabara ya Nairobi hayana budi kuwa zahanati za mbali kabla ya tone la kwanza.