Matundu ya kompyuta na unga wa Osram

Leo naweka programu kando. Juzi nilifungua kompyuta yangu iliyogoma, nikajiuliza: haya matundu madogo kwenye ubao wa saketi hutobolewa na nini? Jibu liko Ujerumani, mwaka 1923.

Kampuni ya Osram ilitengeneza waya wa balbu kwa kuvuta tungsteni kupitia tundu la almasi. Almasi ni ghali. Kabidi ya tungsteni nayo ni ngumu ajabu, lakini ukiigonga inavunjika kama kigae. Karl Schröter akachanganya unga wake na kobalti kidogo, akaushindilia, akauchoma kwa joto la zaidi ya digrii 1,300. Kobalti ikayeyuka, ikashika chembe zile kama saruji ishikavyo kokoto.

Kufikia 1927 kampuni ya Krupp ilikuwa ikiuza mchanganyiko huo kwa jina Widia, yaani "kama almasi". Ncha za kutobolea mbao za saketi bado hutengenezwa hivyo.

Leo kobalti nyingi ya dunia hutoka Kongo. Kule Kolwezi wachimbaji huongea Kiswahili kama sisi. Tukitaja jasho lao, tusitaje betri za simu peke yake.