Mafuta ya nazi yanafaa nywele, lakini hayatibu mapunye

Msikilizaji, kati ya vitu vya jikoni, cha kwanza kwa nywele kavu ni mafuta ya nazi. Hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kwa hiyo yapake kabla ya kuosha: vijiko 2 vya chakula, kuanzia katikati ya nywele hadi ncha. Kaa nayo saa 1 au zaidi, kisha osha.

Yai halipenyi, protini yake ni kubwa mno. Ukilitumia, suuza kwa maji baridi, la sivyo litaivia kichwani. Ndimu iache: maji yake yakibaki kwenye ngozi juani, yanaweza kuiunguza.

Mtoto akiwa na mabaka yaliyonyonyoka nywele, yenye magamba na kuwasha, huenda ni mapunye. Huo ni ugonjwa wa fangasi walioingia hadi kwenye mzizi wa unywele. Mafuta ya nazi hayawafikii, wala kitunguu saumu. Mpeleke zahanati, kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Wakati huo asichangie kitana, taulo wala kofia na wenzake.