Ndugu za muscari: maua ya kitunguu yasiyochanua bila baridi

Baridi ya Bulaya inapoanza kupungua, mwezi wa tatu ao wa ine, bustani za huko hujaa ua dogo la buluu linaloitwa muscari. Limejipanga kama kichala cha zabibu kilichosimama, na chini ya udongo lina kitunguu. Kila muuza maua analo. Lakini muscari ina ndugu zake wasiojulikana sana, nao wanapendeza kuliko yenyewe.

Kuna Bellevalia. Jina linatokana na Pierre Richer de Belleval, mganga Mfaransa aliyeanzisha bustani ya mimea ya Montpellier mwaka 1593. Bellevalia paradoxa, ya Uturuki ya mashariki, Caucasus na Iran, ina maua ya buluu nzito, karibu nyeusi. Bellevalia romana ni nyeupe, ikizeeka inageuka kahawia.

Mwingine ni Leopoldia comosa, ambayo wataalamu wengi wanairudisha ndani ya kundi la muscari. Jina lake lisishtue Wakongomani: si yule Leopold wa pili wa Ubelgiji. Ni Leopold wa pili mwingine, mtawala wa Toscana, Italia. Filippo Parlatore alilitoa jina hilo mwaka 1845, miaka 20 kabla yule wa Ubelgiji kuwa mfalme. Maua yake ya chini ni ya kahawia na ndiyo yanazaa mbegu. Yale ya juu, ya zambarau, ni tasa, kazi yake ni kuita wadudu tu.

Na hii inaliwa. Kule Puglia, kusini mwa Italia, vitunguu vyake vinaitwa lampascioni. Vina uchungu mkali, kwa hiyo mama wa nyumba anaviloweka na kubadilisha maji, kisha anavichemsha na kuviweka katika siki na mafuta. Anayejua kuloweka mihogo ya uchungu anaelewa kazi hiyo, ijapo uchungu wenyewe si wa namna moja. Lakini mtu asile kitunguu cha ua lolote kwa kuiga Waitalia: yasenti ya bustani, ndugu wa karibu kabisa, ina sumu.

Kuyalima huko kwao si kazi ngumu. Yanapandwa mwezi wa kenda hadi wa kumi na moja, karibu sentimita 10 chini, mahali pa jua, katika udongo usiotuamisha maji. Maua yakiisha, majani yanaachwa yakauke yenyewe, kwani ndiyo yanalisha kitunguu cha mwaka unaofuata. Wakati wa joto hayamwagiliwi: maji mengi wakati huo yanaozesha. Anayeanzia kwenye mbegu angoje miaka 3 ao 4.

Shida inaanza pale vitunguu vinapoletwa Goma ao Bukavu ndani ya valizi. Saa ya mmea huu inaendeshwa na baridi ya majuma mengi. Usiku wa Kivu ni wa ubaridi kidogo, lakini hautoshi, na mvua inanyesha hata katika miezi ambayo kitunguu kinataka kulala kikavu. Wengine wanakiweka katika frigo kwa majuma 12 hivi, mbali na ndizi zilizoiva, maana hewa inayotoka katika matunda inaharibu chipukizi la ua. Hapo courant isikatike. Hata hivyo, kinaweza kuchanua mara moja, mwaka wa pili kikatoa majani tu. Ni feza nyingi kwa ua la juma mbili.

Ukoo huo mkubwa una wana wake Kongo pia. Drimia altissima inaota katika savana, na saa yake ni mvua, si baridi: inapumzika kiangazi, kisha inasimamisha shina refu la maua meupe yenye kijani kidogo. Haihitaji frigo. Ila kitunguu chake kikubwa kina sumu inayopiga moyo, kwa hiyo kisipandwe pale watoto ao mbuzi wanapochimba.