Meli Iliyofika Ziwani Ndani ya Masanduku

Sisi watu wa Katanika tunazoea kuona masua ikiwa tayari majini. Lakini wazee wetu walijua kwamba kazi inaanza mbali na maji. Fundi wa mtumbwi hakuchagua mti kwa unene wake tu. Aliangalia pia njia ya kuuteremsha mpaka ziwani, na watu wa kuuvuta. Chombo na namna ya kukitengeneza vilikuwa wazo moja.

Meli Graf von Götzen ya Wajerumani inatufundisha jambo lile lile. Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg. Urefu wake ni karibu mita 70, na hakuna mto wa kuipandisha toka bahari mpaka Tanganyika. Njo maana wachoraji wake walipaswa kufikiri mapema namna ya kuifungua. Iliungwa kule, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku karibu 5.000. Yakaenda kwa meli mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli mpaka Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda, mkubwa wao Anton Rüter, wakaiunga tena pamoja na vibarua Wahindi na Waafrika. Ikashuka majini Februari 1915.

Na upande wetu? Wabelgiji nao walikuwa na meli ya vipande, Baron Dhanis. Lakini kuiunga hapa, mbele ya mizinga ya adui, ilikuwa hatari, na vipande vikabaki vinangoja. Meli bila mahali salama pa kuiungia ni mzigo wa chuma tu. Waingereza walileta masua mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizoweza kuvutwa milimani na kupakiwa kwenye reli. Desemba 1915 zikaingia majini hapa Kalemie.

Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen, lakini kwanza walipaka mashine grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina Liemba.

Majina ya wale vibarua wa Kigoma hatuyasikii. Basi, tusiache ya kwetu yapotee vile vile. Wenye kujua kuunda masua wangali kati yetu: tuwaulize, na tuandike siyo umbo la chombo tu, bali na kazi yote, toka mti mpaka maji.