Django inapogoma kusakinishwa: Vyanzo vya tatizo na namna ya kuvitatua

Na Mwandishi Wetu

ANAYEANZA kujifunza kutengeneza tovuti mara nyingi hukwama kabla hajaandika ukurasa wake wa kwanza. Programu aliyoipakua inagoma, na kioo cha kompyuta kinajaa ujumbe wa makosa kwa Kiingereza. Wapo wanaodhani kompyuta imeharibika, na wapo wanaoacha kabisa kujifunza, ilhali kosa lenyewe hurekebishwa kwa dakika chache.

Makala haya yanaeleza matatizo yanayojitokeza mara kwa mara wakati wa kusakinisha Django, kiunzi cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Kiunzi ni mkusanyiko wa sehemu zilizokwisha kuandaliwa, kama vile za kusajili watumiaji na kuhifadhi taarifa katika kanzidata, ili mtengenezaji asianze upya kila mara.

Django ilianza mwaka 2003 katika gazeti la Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, ambako Adrian Holovaty na Simon Willison walihitaji kutengeneza kurasa kwa kasi ya habari. Ilitolewa bure kwa umma Julai 2005. Novemba 2023, Zanzibar ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa.

Tatizo la kwanza ni kompyuta kutoitambua Python. Kwenye Windows, ukiandika "python" ukaambiwa haijulikani, au ukafunguliwa duka la Microsoft, jaribu "py --version". Ikijibu kwa namba ya toleo, Python ipo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia. Tumia "py" badala ya "python", au sakinisha upya ukiweka alama kwenye kisanduku cha kuongeza Python katika PATH.

Pili ni matoleo yasiyolingana. Django 5.2, iliyotoka Aprili 2025, inahitaji Python 3.10 au ya juu zaidi. Kompyuta yenye Python ya zamani itajibu kuwa toleo uliloomba halikupatikana. Ujumbe huohuo unaweza kutokea intaneti inapokatika, hivyo hakiki mtandao kabla ya kubadili chochote.

Tatu, watumiaji wa Ubuntu na Debian za kuanzia mwaka 2023 hukutana na ujumbe "externally-managed-environment". Huo si ubovu, bali ni kinga: sehemu za mfumo wa kompyuta hutegemea Python ileile, na kuilazimisha ipokee programu nyingine kunaweza kuuvuruga mfumo mzima. Usilazimishe.

Njia sahihi ni kutenga mazingira ya kazi yako. Andika "python3 -m venv kazi", kisha "source kazi/bin/activate". Kwenye Windows andika "py -m venv kazi", kisha "kazi\Scripts\activate". Baada ya hapo andika "python -m pip install django". Ubuntu ikilalamika kuwa sehemu ya venv haipo, iongeze kwa "sudo apt install python3-venv".

Nne ni ujumbe "No module named 'django'", ambao humshangaza aliyeona jana kila kitu kikienda sawa. Mara nyingi amefungua dirisha jipya bila kuyawasha mazingira yake; arudie amri ya "activate". Aidha, usiliite faili lako "django.py", kwani Python italisoma hilo badala ya kiunzi chenyewe.

Wengine hunakili folda ya mazingira kwenye flashi na kuihamishia kompyuta nyingine. Haitafanya kazi, kwa kuwa ndani yake zimeandikwa anwani za kompyuta ya awali. Badala yake, orodhesha programu kwa "pip freeze > requirements.txt", hamisha orodha hiyo pamoja na kazi yako, kisha tengeneza mazingira mapya huko uendako na uandike "pip install -r requirements.txt".

Tovuti ikigoma kuwaka kwa madai kuwa poti inatumika, huenda dirisha ulilolisahau bado linaiendesha. Lifunge, au andika "python manage.py runserver 8080". Onyo la "unapplied migrations" huondoka kwa "python manage.py migrate".

Hata hivyo, kuwaka kwa tovuti kwenye kompyuta yako si ruhusa ya kuipeleka hadharani. Amri ya "runserver" ni ya majaribio tu. Kabla ya kuwafungulia wateja, hakikisha DEBUG imewekwa False na SECRET_KEY haionekani kwa watu. Ukiacha DEBUG ikiwa True, kosa dogo linaweza kumwonyesha mgeni mpangilio wa ndani wa tovuti yako, na watakaoumia ni wateja waliokukabidhi majina na namba zao za simu.

Kanuni moja inatosha kwa yote: soma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa kabla ya kufuta chochote. Mara nyingi jibu limo humo.