Kidole Gumba na Jasi: Kifundo cha Mtoto Kilichoteguka

Mtoto akiteguka mguu, katika nyumba nyingi za pwani yetu anayeitwa kwanza ni mchuaji. Mafuta ya nazi hupashwa moto, kiganja kikapita taratibu juu ya uvimbe, kidole gumba kikatafuta chini ya kifundo pale panapouma zaidi, kisha mguu ukavutwa ghafla. Ukialika, watu husema mshipa umerudi mahali pake. Hospitalini mkono huo umelaumiwa miaka mingi, na mtoto huyohuyo akafungwa hogo akae. Ninavyoisoma historia ya tiba hii, kila upande ulishika nusu ya jambo: mchuaji alijua kwamba kiungo kinataka mwendo, daktari alijua kwamba mfupa unaokua hauvutwi ovyo.

Uingereza ya karne ya 19 ilipitia ugomvi huuhuu. Mwaka 1867 daktari mpasuaji James Paget aliwaonya wenzake kwamba baadhi ya wagonjwa wao walikuwa wakiponea mikononi mwa waunga mifupa wasiosoma chuo, akawahimiza waige jema la watu hao na waache baya. Miaka minne baadaye Wharton Hood, daktari aliyekubali kufundishwa na Richard Hutton, muunga mifupa wa London, alieleza kazi yenyewe: gumba hukandamiza penye maumivu, kiungo kikazungushwa kwa nguvu mara moja. Waliofaidika hasa walikuwa wale ambao viungo vyao vilikakamaa kwa kutulizwa muda mrefu. Ushahidi huu nauona mzito kuliko wote, kwa kuwa unaeleza kwa nini mkono ule ulisaidia, na pia kwa nini haufai kwenye kifundo kilichoumia leo asubuhi. Lakini jasi ilishinda. Antonius Mathijsen, daktari wa jeshi la Uholanzi, alikuwa ametangaza bandeji yake ya jasi mwaka 1852, na Hugh Owen Thomas wa Liverpool, ambaye mwenyewe alitoka katika ukoo wa waunga mifupa, akawa mtetezi mkubwa wa kupumzisha kiungo.

Kwa watoto hoja hiyo ilipata nguvu zaidi mwaka 1963, Robert Salter na W. Robert Harris wa Toronto walipopanga kwa aina majeraha ya gegedu la ukuaji, ule utando laini karibu na ncha ya mfupa ambako mfupa hurefukia. Aina ya kwanza mara nyingi haionekani kwenye eksirei. Ikafundishwa kwamba kano za mtoto ni imara kuliko gegedu hilo, kwa hiyo mtoto hateguki, huvunjika; picha ikiwa safi na kifundo kimevimba, afungwe. Siidharau hofu hiyo, maana mguu ulioacha kukua sawasawa ni hasara ya maisha. Ila mwaka 2016 Kathy Boutis na wenzake, kutoka hospitali ileile ya watoto aliyofanyia kazi Salter, walitangaza matokeo ya picha za MRI za watoto 135 wa miaka 5 hadi 12 walioshukiwa kuvunjika namna hiyo. Waliovunjika gegedu walikuwa 4 tu. Asilimia 80 walikuwa wameumia kano. Wameteguka, kama bibi zao wangesema. Walivalishwa kishikizo kinachovulika, wakarudia shughuli zao kadiri walivyoweza.

Basi turudi kwa mchuaji? Hapana. Kilichopata ushahidi ni mwendo anaouongoza mtoto mwenyewe kwa kipimo cha maumivu yake, kuvuta hakukupata. Siku za mwanzo mguu uinuliwe, ufungwe bandeji isiyobana, na asiyeweza kupiga hatua nne apelekwe akapigwe picha. Wapo watakaosema mchuaji yuko jirani na eksirei iko mbali. Ni kweli, na ndiyo sababu mchuaji anapaswa kujua ni mguu upi asiuguse. Utafiti ule haukuwahusu walio chini ya miaka 5, na hao wana jeraha lao, lililoelezwa na Dunbar na wenzake mwaka 1964: ufa mwembamba wa mfupa wa muundi, unaotokea mtoto mdogo anapojipinda katika kukimbia au kuanguka. Uvimbe huwa mdogo, na hata picha ya kwanza inaweza isiuoneshe ufa. Mtoto wa miaka miwili hukataa tu kukanyaga, wala hawezi kusema panapouma. Kidole gumba kikitafuta mshipa kwenye kifundo chake, kilichopasuka kiko juu zaidi.