Msuko Mpya, Si Filamu Rudufu

Filamu ya zamani inapotengenezwa upya na mwongozaji mwingine, siku hizi tunaambiwa tuiite "filamu rudufu". Neno hili limeanza kupenya katika faharasa na maandishi ya wahakiki kana kwamba mjadala umefungwa. Haujafungwa. Waliolileta ni watu wa kamati na mihuri, na sina haja ya kuwataja, maana neno lenyewe linatosha kuwashtaki. Rudufu huhusishwa na mzizi wa Kiarabu wa r-d-f, wenye maana ya kufuata nyuma. Katika mzizi huo yumo hata yule abiria anayepakiwa nyuma ya mpanda farasi au ngamia, asiyeshika hatamu wala kuchagua njia. Kiswahili cha ofisini kililipokea kwa maana finyu zaidi: kurudufisha ni kutoa nakala, karatasi ya pili iwe sawa na ya kwanza herufi kwa herufi. Mwalimu wa Garissa anayerudufisha mtihani hatarajii swali la tatu ligeuke ndani ya mashine. Kwa hiyo ukimwambia mpenzi wa filamu kwamba Nosferatu ya Robert Eggers, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2024, ni rudufu ya ile ya F. W. Murnau ya 1922, umemwahidi kitu ambacho hakipo. Ahadi hiyo ya uongo ndiyo inayozaa sehemu kubwa ya manung'uniko yanayosikika kila kisa cha kale cha mnyonya damu kinapoguswa.

Manung'uniko hayo nayaheshimu, kwa sababu yanatoka kwa watu wanaopenda kazi ya asili. Mpenzi wa Nosferatu anakuja na orodha yake kichwani. Anataka kile kivuli cha mkono wenye vidole virefu kinachopanda ngazi ukutani, na kipara na masikio yaliyochongoka ya mwigizaji Max Schreck. Anawataka panya, meli na tauni. Anataka pia zimwi life kwa mwanga wa alfajiri, jambo ambalo halimo katika riwaya ya Bram Stoker ya 1897, chanzo cha kisa hiki, ambako Dracula hutembea mchana bila kuteketea. Kifo cha jua kililetwa na filamu ya Murnau. Kisha anakuja na shaka zake: kwamba kompyuta itafanya kazi iliyofanywa na taa na ukuta mtupu, na kwamba zimwi litaonyeshwa mno hadi woga uishe. Sasa mpe mtu huyu neno rudufu kama kipimo. Filamu mpya ikifanana na ya zamani, atasema haikuwa na haja ya kuwapo. Ikitofautiana nayo, atasema ni nakala mbovu. Neno limemnyima mwongozaji kila njia ya kufaulu, na limemnyima mtazamaji swali la maana zaidi, yaani ni nini kilichoshikiliwa, ni nini kilicholegezwa, na kwa sababu gani.

Historia ya Nosferatu yenyewe inalikataa neno hili. Kampuni ya Prana-Film ya Berlin iliitengeneza filamu ya 1922 bila idhini ya wenye haki ya riwaya ya Stoker. Ilibadilisha majina, Dracula akawa Orlok, ikadhani hilo linatosha. Florence Stoker, mjane wa mwandishi, alikwenda mahakamani, na mwaka 1925 ikaamriwa kwamba nakala zote ziharibiwe. Filamu iliokoka kwa sababu nakala kadhaa zilikuwa zimekwisha kusambaa nje ya mkono wa amri hiyo. Hapo ndipo kurudufisha kunapostahili jina lake: nakala zilizookoka ni rudufu, na zinastahili shukrani. Alichofanya mwongozaji Werner Herzog alipoitengeneza upya Nosferatu mwaka 1979 ni jambo la jinsi nyingine kabisa. Alilirudisha jina la Dracula, akamfanya Klaus Kinski kuwa zimwi lenye huzuni linalolalamikia umri usiokwisha, akaujaza mji panya, na mwishoni akaugeuza ushindi kuwa hasara: mwanamke anajitoa mhanga, zimwi linakufa, lakini mumewe amekwisha kuwa mnyonya damu naye anaondoka kwa farasi kwenda kuendeleza balaa. Eggers alimrudisha Orlok, akampa masharubu mazito yaliyowaudhi wengi. Waliokasirika walisahau kwamba Stoker mwenyewe alimwandika Dracula akiwa na masharubu. Eggers aliuvuta uzi mkongwe kuliko ule wa Murnau, na hilo si kosa la kunakili.

Nimesema uzi kwa makusudi, kwa kuwa neno ninalolitetea ni msuko mpya. Suka ni kitenzi kipana kuliko wanavyodhani wanaokiachia saluni. Tunasuka nywele, ukili, mkeka, kamba na kitanda. Kazi zote hizo zina tabia moja: nyuzi zipo tayari, na ustadi uko katika kuzipitisha, kuzibana na kuziacha. Nywele hufumuliwa na kusukwa upya juu ya kichwa kilekile, wala hakuna anayesema msuko wa Idi hii ni rudufu ya ule wa Idi iliyopita. Kuna pia kusuka maziwa, yaani kuyatikisa katika kibuyu hadi siagi ijitenge; wanasarufi wanaweza kubishana kama ni kitenzi hichohicho au ni pacha wake wa sauti, lakini mfugaji wa Balambala au Ijara atakiri kwamba kinachotoka si maziwa yaliyoingia, ingawa hakuna kilichoongezwa. Tena huku Kaskazini Mashariki mwa Kenya tuna ushahidi ambao kamati za mijini hazikuutafuta. Kisomali, lugha ya nyumbani kwa watu wengi wa Garissa, Wajir na Mandera, huiita ngano ya watoto sheeko xariir. Sheeko ni hadithi, na xariir, yenye h ya kooni mwanzoni, ni hariri ileile ya Kiswahili, kutoka Kiarabu kilekile. Hadithi ya hariri! Watu walioihifadhi fasihi yao kwa ulimi, ambao maandishi rasmi ya lugha yao kwa herufi za Kilatini yalianza mwaka 1972, waliifananisha hadithi na kitu cha nyuzi.

Na katika hadithi hizo za hariri yumo zimwi anayeweza kukaa meza moja na Orlok bila aibu. Dhegdheer, maana yake Sikio Refu, ni mwanamke mla watu, mwenye mbio zisizokimbilika na sikio moja refu linalonasa hatua za msafiri akiwa bado mbali. Kila msimulizi atakupa sikio na mbio; bila hivyo wasikilizaji watakataa kwamba huyo ndiye. Lakini jinsi anavyonaswa, nani anayemponyoka, na binti yake anasaidia nani, hayo hutofautiana kwa msimulizi na kwa usiku. Wasikilizaji wanaijua kanuni ambayo wapenzi wa filamu wanaitafuta kwa kelele: viko vitu vya lazima, vingine viko mikononi mwa msimulizi. Mtu aliyelelewa na Dhegdheer hahitaji kufundishwa namna ya kuitazama Nosferatu ya tatu. Anahitaji tu asipewe neno linalomdanganya.

Pingamizi kali zaidi latoka kwa walimu wa fasihi. Wanasema msuko ni istilahi yao tayari, mpangilio wa matukio katika kazi, ule ambao mwanafunzi wa sekondari huulizwa katika mtihani. Kwa hiyo msuko mpya utamaanisha matukio mapya, ilhali filamu ya aina hii hushika matukio yaleyale. Pingamizi hili ni la haki, ila linachanganya kisa na msuko, vitu ambavyo walimu haohao wametufundisha kuvitenga. Kisa ni kile kilichotokea. Msuko ni jinsi kilivyopangwa na kuunganishwa. Herzog hakukiacha kisa, alikifumua na kukisuka hata mwisho wake ukauma kinyume. Istilahi inayorithi maana ya karibu yake ina faida kuliko iliyookotwa katika chumba cha mashine. Wengine husema neno la wasusi halina heshima ya kitaaluma. Kwa hao jibu ni fupi: uhuishaji wa katuni ulitokana na kutia uhai na haukuvunjiwa heshima na mtu. Ningependa kuchukua fuma badala ya suka, kwani hariri hufumwa, lakini mfumo tumekwisha kuutoa kwa mambo ya utawala na kompyuta, na haurudi.

Wapo pia wanaotaka tutosheke na "marudio" au "toleo jipya". Marudio yana kazi yake katika televisheni: kipindi kilekile kuonyeshwa tena. Toleo jipya nalo lina kazi, na katika habari ya Nosferatu kazi hiyo ni nzito, kwa sababu filamu ya 1922 imekarabatiwa zaidi ya mara moja kwa kuunganisha vipande vya nakala tofauti na kurudisha rangi zilizopotea. Nakala iliyokarabatiwa ni toleo jipya la Murnau. Filamu ya Eggers si toleo la Murnau kwa namna yoyote. Anayeziita zote mbili toleo jipya hataweza kumwambia msomaji aende kuitazama ipi, na mhakiki asiyeweza kusema hilo ameshindwa na kazi ya kwanza kabisa ya uhakiki.

Matumizi hayana ugumu: msuko mpya wa Nosferatu, wingi misuko mipya, kitenzi kusuka upya, na mwongozaji anayefanya hivyo ni msukaji, si msusi.